Jembe la Wiki ya Kwanza

Kambi ya Mkonge, Korogwe
25 Januari 1970

Mdogo wangu Fulgence,

Nakuandikia leo Jumapili nikiwa nimekaa kitandani, mikono inauma lakini mwili hauna homa, namshukuru Mungu. Natumaini barua hii itakukuta ungali Litembo, pamoja na Mama na Mama mdogo Hedwiga, wote mkiwa na nguvu. Huku mvua haijanyesha tangu Krismasi. Wenzetu wa kutoka Mbinga wote wapo, isipokuwa Pankras ambaye amepata likizo na yuko njiani kuja huko. Atawapa habari zangu. Msiziamini zote, kwa sababu Pankras akishakunywa huongeza.

Nimepata habari kwamba umechaguliwa kuingia sekondari kule chini ziwani. Niliposoma uso ulinibadilika, mpaka nyapara akaniuliza nani amekufa nyumbani. Nikamwambia hakuna, ni mdogo wangu anakwenda sekondari. Akasema, "Sasa mbona uso huo?" Nikamwambia huu ndio uso wangu wa furaha, umechakaa kidogo.

Mambo ya shule siyajui. Baba alipofariki nilikuwa darasa la nne, na hapo ndipo masomo yangu yalipoishia. Lakini wiki ya kwanza kati ya watu usiowajua naifahamu, kwa hiyo nitakuambia hiyo tu. Usicheke sana na mtu siku ya kwanza. Chakula ukipewa kula, hata kama hukipendi, kwa sababu mwenye kuchagua huonekana ana maringo. Sanduku lako lifunge. Ukimkumbuka Mama, nenda kachote maji au kafue shati, mikono ikiwa na kazi kichwa hupungua kelele.

Na jambo kubwa ni hili. Shika kazi ya mwanamume na uifanye mpaka mwisho. Usikubali kazi ya kike wiki ya kwanza. Hapa kambini nimeona vijana waliofika wakakubali kuwapikia wenzao kwa sababu ya uoga, na mpaka leo ndio wanaopika na kuosha sufuria za watu. Mtu akishakuzoea hivyo hakuachi.

Wewe ndiye wa kwanza kwetu kufika huko. Usirudi kabla hujamaliza. Sina lingine.

Ni mimi kaka yako,
Othmar


Shule ya Sekondari, Ziwani
22 Februari 1970

Kaka Othmar, shikamoo.

Barua yako niliipata siku chache kabla ya kuondoka, na nimeiweka sandukuni chini ya sare. Mama anakusalimu. Mahindi yamesimama vizuri. Mama mdogo Hedwiga ndiye aliyenisindikiza mpaka pale njia inapoanza kuteremka, akanipa mahindi ya kuchoma na akageuka haraka. Mimi ni mzima.

Nimemaliza wiki moja. Kaka, huku ni joto. Nilifika nimevaa sweta, na kijana mmoja anaitwa Justin, mtoto wa mvuvi wa hapa hapa, akaniuliza kama baridi yetu nimeibeba ndani ya sanduku au nimeiacha kwa balozi wa nyumba kumi. Kitanda chake kipo juu ya changu. Usiku anazungumza Kinyasa akiwa amelala. Ugali ni wa muhogo, unateleza, unafika tumboni kabla hujautafuna. Mboga ni usipa, visamaki vidogo vya kukausha, vinapikwa na macho yake. Siku ya kwanza nilivitoa vichwa kimoja kimoja, wenzangu wakamaliza sahani mimi nikiwa bado natoa vichwa. Sasa nakula pamoja na macho.

Kuoga tunaoga ziwani. Mimi naoga nimeshika mwamba kwa mkono mmoja. Justin ananiambia, "Mmatengo, shika vizuri, ukichukuliwa utatokea Malawi na pasipoti huna." Wote wanacheka, na mimi nacheka, lakini mwamba siuachi.

Masomo yote ni kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Ninanakili kila kilichopo ubaoni, nikielewa nisielewe. Baadhi ya wenzangu wamelia. Mimi sijalia.

Mwalimu Mkuu ni mtu wa Bukoba. Anasema shule hii italima chakula chake yenyewe, ndiyo elimu ya kujitegemea. Mwaka jana alipita Umatengo kwa gari akaona ngoro zetu, yale mashimo yetu ya kulimia milimani, na anataka mteremko ulio nyuma ya mabweni ulimwe hivyo hivyo, kwa sababu mvua imekuwa ikishusha udongo wote ziwani. Siku ya pili tu tangu tufike akauliza Wamatengo ni akina nani. Tukasimama wanne, mimi, Emilian wa Mbuji na wawili wa Mpepai. Tulikata majani, tukayaacha yakauke, na Ijumaa tukayalaza kwa mistari ya kushuka na ya kukatiza, mpaka mteremko wote ukawa vyumba vyumba. Mwalimu Mkuu alipanda juu ya jiwe akatazama, akasema ni kama daftari la hesabu. Kaka, nilifurahi. Nilijiona nimefika.

Jumamosi ilikuwa siku ya majembe. Karatasi imekwisha. Nimefanya kama ulivyoniambia, na nadhani nimefanya sawa.

Mdogo wako,
Fulgence


Kambi ya Mkonge, Korogwe
12 Aprili 1970

Mdogo wangu Fulgence,

Salamu za hapa ni za uchovu. Bei ya mkonge imeshuka, na baadhi ya wiki tunaitwa kazini siku tatu tu. Siku tunazobaki kambini watu wanagombana. Mwiba uliniingia kwenye kiganja, ukatoka, lakini mkono ulivimba, ndiyo sababu nimechelewa kukujibu. Sasa naweza kushika kalamu.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Karatasi haikuwa imekwisha. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe.

Pankras amerudi. Nilimngoja alale, aamke, pombe imtoke, ndipo nikamuuliza habari za nyumbani. Anasema alikuona Litembo mwezi wa tatu, unashuka kutoka kisimani na ndoo, huna sare. Nikamwambia labda alimwona mwingine. Akasema, "Othmar, yule mtoto ana masikio ya baba yenu, nitakosea vipi?" Kwa hiyo barua hii naituma kwa anwani ya misheni Litembo, si ya shule. Kama nimekosea, Padre ataituma huko chini.

Niambie mambo mawili. Kwanza, kwa nini upo nyumbani? Pili, kwa nini aliyekusindikiza alikuwa Hedwiga? Mama alikuwa wapi? Uliandika kwamba anasalimu. Hukuandika kwamba ni mzima.

Mimi nipo mbali. Huku mtu akinificha jambo sina njia ya kulitazama usoni mwake. Nategemea maneno tu.

Kaka yako,
Othmar


Litembo
3 Mei 1970

Kaka Othmar, shikamoo. Pole sana kwa mkono.

Mama ni mzima sasa, anatembea na anakula. Hilo nimelitanguliza. Naendelea na yale niliyoyaficha.

Nilipoondoka kwenda shule Mama alikuwa amelazwa hospitali hapa Litembo. Ilikuwa kifua. Alinikataza nisikuandikie. Alisema, "Othmar hawezi kuja, kwa hiyo kumwambia ni kumtesa tu." Akanikataza pia kukaa kumsubiri. Nilimwacha kitandani, Mama mdogo akanisindikiza. Wiki yote ile ya kwanza nilipokuwa nacheka na akina Justin, sikujua kama yupo hai.

Sasa mambo ya ngoro. Jumamosi tulitoka na majembe. Mwalimu Mkuu akasema, "Haya, Wamatengo, tuonyesheni hatua inayofuata." Sisi wanne tukakaa chini. Hatukukusudia ubaya, kaka. Majani yalikuwa yamelazwa, kazi yetu imekwisha, tukakaa kama tunavyokaa nyumbani. Mwalimu akasubiri. Shule nzima ikasubiri. Mwishowe akauliza tunangoja nini. Emilian akajibu kwa heshima kabisa, "Tunawangoja akina mama, Mwalimu, waje kuchimba."

Shule ililia kwa kicheko. Justin alilala chini. Mwalimu Mkuu hakucheka. Alidhani tunamfanyia mzaha mbele ya wanafunzi. Akatueleza kwamba hapa hakuna akina mama, na katika nchi hii hakuna kazi ya mwanamume wala ya mwanamke, ipo kazi. Akatupa kila mmoja sehemu yake, atoe udongo katikati ya kila chumba na afukie majani, kama wanavyofanya mama zetu. Wale wa Mpepai walishika majembe. Emilian akaninong'oneza, "Shika, Fulgence. Mama zetu hawatuoni." Na yeye akashika.

Mimi sikushika. Nikasema siwezi. Mwalimu akauliza kama ninaumwa. Nikasema siumwi. Akasema basi huo ni mgomo. Nikanyamaza, na kunyamaza ndiko kulikonimaliza. Ile barua niliyokuandikia Jumapili, nilikuwa nimeshaambiwa kwamba Jumatatu niende nyumbani, nisirudi bila mlezi wangu. Niliona aibu kuandika.

Si kwamba nilitaka tu kufuata ulivyoniagiza. Lipo jingine ambalo hata Emilian sikumwambia. Nilipokuwa mdogo nilimwona mzee mmoja wa kule bondeni akichimba ngoro peke yake, watu wakapita wakisema maskini, mke amekufa na mama amekufa, hana wa kumchimbia. Nilipoutazama mpini ule nikamwona yule mzee. Nikaona nikichimba namchuria Mama kifo, na yeye yupo hospitali. Ningemweleza vipi Mwalimu wa Bukoba jambo hilo, tena kwa Kiingereza?

Nilirudi nikamkuta Mama ametoka hospitali, amekonda. Sikumwambia sababu ya kweli. Nilimwambia tu kwamba Mwalimu ametaka tuchimbe, nami nikakataa. Alikasirika kwa ajili yangu. Aliuliza mwalimu huyo amelelewa wapi, akasema kwamba yeye na Mama mdogo watashuka na majembe yao wamchimbie mteremko wake wote mtoto arudi darasani. Mama mdogo alikuwa tayari ameshafunga jembe. Niliwazuia. Fikiria nifike shuleni nimeongozana na mama zangu wawili na majembe.

Kwa hiyo nipo. Nililaza majani ya hapa nyumbani, wao wakachimba kidogo kidogo, maharage yameota. Mwalimu Mkuu ameniandikia kupitia misheni. Muhula wa Julai ukianza bila mlezi kufika, nafasi yangu atapewa mwingine. Mlezi wangu ni wewe. Unaweza kuja?

Fulgence


Kambi ya Mkonge, Korogwe
31 Mei 1970

Mdogo wangu Fulgence,

Nashukuru kwa habari za Mama, hata kama zimenifikia za zamani. Mkono umepona. Pankras anakusalimu, anajisifu kwamba masikio hayakumdanganya.

Siwezi kuja. Niliomba likizo, nyapara akasema atakayeondoka sasa asitegemee kukuta nafasi yake. Sijui kama ni kweli au ananitisha, lakini nilirudi shambani. Kwa hiyo usiningoje mimi.

Mimi ndiye niliyekuandikia habari za kazi ya kiume na ya kike. Niliandika nikiwaza wale vijana wanaoosha sufuria za wengine. Sikuwaza ngoro. Sasa nitakuandikia mambo ya maisha yangu ambayo sijawahi kuyaandika, na ukimaliza kusoma, msomee Mama ukurasa huu kwa sauti. Usiruke mahali.

Mama, shikamoo. Ni mimi Othmar, ninasema kwa mdomo wa Fulgence. Pole kwa ugonjwa ulionificha. Nami nimekuficha. Nilikuandikia kwamba kuna mama mmoja hapa anatupikia. Hayupo. Napika mwenyewe. Nafua mwenyewe, nafagia, natwanga. Tena nyuma ya kambi kuna mteremko ambao hakuna aliyeutaka kwa sababu ya ukali wake. Mwaka uleule niliofika, mvua ilipoanza, nilikata majani nikayalaza kama Baba alivyonifundisha. Nilipomaliza nikasimama. Nilisimama muda mrefu, Mama, kama mtu aliyesahau alichofuata. Wangoni wa kambi yetu walikuwa wamekaa mlangoni wananitazama. Mmoja akaita, "Othmar, mkeo amechelewa?" Nikachukua jembe nikachimba. Wakabadilisha, wakaanza kuniita bibi harusi. Walipita jioni wakiniuliza mume wangu yuko wapi. Mara ya kwanza nilichimba vibaya, udongo ukanimwagikia miguuni, mashimo yakawa kama ya nguruwe. Mwaka uliofuata nilichimba vizuri kidogo. Nimekuwa nikichimba kila mwaka tangu nilipofika, majani yangu na shimo langu, na maharage nakula. Wale Wangoni nao huja kuomba. Sikukuambia kwa sababu niliondoka kwako nikiwa mwanamume wa kurudi na bati za nyumba, na sikutaka unione akilini mwako nimeinama na jembe peke yangu kama mtu asiye na kwao. Basi sasa umejua.

Hapo ndipo mwisho wa maneno ya kumsomea Mama.

Wewe Fulgence, rudi shule. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, ni ya Mwalimu Mkuu. Nimemwandikia kwamba mimi ndiye mlezi, nipo mbali, nimemtuma mama yetu asimame mahali pangu, na kwamba uliponyamaza hukuwa na kiburi. Sababu yako ya yule mzee sikumwandikia. Hiyo ni yako, utaisema siku ukitaka.

Shika jembe. Mimi nimechoka, mdogo wangu, na miaka yote hii ya mkonge sijaona mahali inaponipeleka. Wewe unapopelekwa panaonekana. Usipaache kwa ajili ya shimo.

Kaka yako,
Othmar


Shule ya Sekondari, Ziwani
26 Julai 1970

Kaka Othmar, shikamoo.

Tazama juu ya barua hii ninapoandikia. Nimerudi. Mama amerudi Litembo salama, nimepata habari kwa mtu wa misheni. Maharage tulivuna. Mama mdogo Hedwiga anakusalimu, anasema siku ukirudi umpikie.

Nilimsomea Mama ukurasa wako tukiwa jikoni, anachambua maharage. Sikuruka mahali. Nilipofika pale uliposimama muda mrefu, mikono yake iliacha kuchambua. Niliendelea mpaka mwisho. Hakulia. Aliniuliza, "Amesema anachimba tangu lini?" Nikamwambia tangu mwaka aliofika. Akauliza ni miaka mingapi. Nikamwambia sita.

Akasema, "Miaka sita anachimba, na mimi nipo."

Kaka, sikuwa nimemwambia neno moja juu ya yule mzee wa bondeni. Labda mama hujua. Labda alisema tu. Nilishindwa kuendelea kukaa, nikamweleza yote, hospitali na mpini na kunyamaza kwangu. Akanisikiliza akasema, "Kumbe ulinizika huko ziwani nikiwa nakunywa uji." Ndipo akacheka mpaka kikohozi kikaanza, nikaogopa tena.

Asubuhi alinitoa nje, pale mteremko mdogo ulio nyuma ya nyumba. Nilidhani ananifundisha kuchimba tu. Alinipa jembe, mwenyewe akachukua mundu. Nikamwambia, Mama, acha, hiyo ni yangu. Akasema, "Mwakani hutakuwepo. Nionyeshe na mimi mnavyolaza." Kwa hiyo nilimwonyesha, na yeye akanionyesha. Alikata, akalaza, nami nikafuata nyuma yake nikichimba, anageuka ananiambia usitupe udongo kama unafukuza mbwa, uweke. Mama Notburga jirani alipita na mzigo wa kuni, akasimama. Akamwuliza Mama, "Ottilia, nyumba hii imepinduka?" Mama akamjibu, "Imepinduka. Karibu utusaidie kuishikilia." Alicheka akaenda kutangaza, na siku ile watu walipita njia yetu wengi kuliko siku ya soko.

Mistari ya Mama imepinda, kaka. Nilimwambia. Akasema atajifunza. Anasema mwakani mteremko wa juu, ule ambao ulikuwa wako, atautandazia majani mwenyewe.

Tulishuka pamoja kuja huku. Mwalimu Mkuu alisoma barua yako akiwa amesimama, akamkaribisha Mama kiti. Akamuuliza kama anakubali mwanawe achimbe. Mama Kiswahili chake unakijua. Alisema, "Mwalimu, nilidhani unataka wachimbaji, tungekuja zamani. Kumbe ulimtaka yeye. Mchukue." Mwalimu alitabasamu kidogo, lakini hakulegeza. Amesema nimekosa nusu ya mwaka, mtihani wa mwisho nikishindwa hakuna kurudia. Hilo ndilo linaloninyima raha sasa. Nimelikubali.

Sehemu yangu ya mteremko ilikuwa imeachwa. Mwalimu Mkuu alizuia mtu yeyote asiiguse. Majani niliyoyalaza Februari yameoza, ardhi imekuwa ngumu kama tofali, na wenzangu wameshakula maharage ya sehemu zao. Kwa hiyo wiki hii, ambayo ni ya kwanza tena kwangu, kila baada ya masomo nimekuwa nikikata majani mapya, nikalaza, nikachimba. Justin anakaa juu ya jiwe ananihesabia makosa, anasema yeye ni nyapara. Jana alishuka bila kusema kitu akachimba pamoja nami mpaka kengele. Mtoto wa mvuvi hajui kuchimba kabisa. Nilimwambia auweke udongo, asifukuze mbwa.

Somo la hesabu sielewi. Wenzangu wapo mbali sana. Ziwani mwamba nimeuachia, lakini maji yakinifika kiunoni narudi.

Mama amekutumia neno moja. Naliandika kama alivyolisema: "Mwambie bati sikuzitaka. Nilizitaja kwa sababu yeye alizitaja."

Mdogo wako,
Fulgence


Kambi ya Mkonge, Korogwe
6 Septemba 1970

Mdogo wangu Fulgence,

Mimi ni mzima. Wenzetu wawili wamehamia Muheza, Pankras anasema anawafuata. Huku kumekuwa kimya. Korona, ile mashine ya kusaga mkonge, inasimama siku nyingi kuliko inavyozunguka, na tulizoea kelele zake, sasa watu hawalali vizuri.

Barua yako nimeipata. Wangoni wangu niliwasomea ile sehemu ya Justin na ya nyumba iliyopinduka, wakacheka, na mmoja wao akaniambia mama yako ni mwanamume kuliko wewe. Sikubisha. Sehemu ya bati sikuwasomea.

Hesabu muulize Emilian, usione aibu. Ulimwona akishika jembe kabla yako, basi mwone akishika na kalamu. Usinijibu mpaka umalize mtihani. Mimi nitangoja.

Nyapara amepita na orodha ya wanaotaka kuendelea mwakani. Alipofika kwangu nilimwambia arudi kesho. Akarudi, nikamwambia tena arudi kesho. Amechoka nami. Sijasema ndiyo na sijasema hapana, na wewe usimwambie Mama kwamba nakuja, kwa sababu miaka sita nimekuwa nikisema mwakani, na neno hilo amelisikia vya kutosha.

Mwambie hivi tu. Mistari ikipinda, mvua ya kwanza kubwa inauchukua udongo wote mpaka bondeni. Mteremko wa juu auache, asiuguse. Asubiri mpaka mwezi wa tatu, majani yakiwa yamefika kiunoni. Akiona siku za kukata zinapita na mimi sijaonekana njiani, basi achukue mundu, akate.

Othmar